Kila kundi la Kivu liandikwe kwa jina lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nieleze jambo linalonikera kila ninapofungua gazeti lako na kukuta habari za mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Habari hizo husema kwamba "Wazalendo" wamepigana mahali fulani, wamerudishwa nyuma mahali pengine, au wamesimama pamoja na jeshi la serikali dhidi ya waasi wa M23. Msomaji wa Tanga au Mtwara akisoma hivyo hudhani kwamba liko jeshi moja liitwalo Wazalendo, lenye kambi, sare na amiri wake, na kwamba waliomo humo ni wazalendo kwa maana ile tuliyofundishwa shuleni, yaani watu wanaoipenda nchi yao kiasi cha kuifia. Mimi ni mkazi wa Ujiji, marehemu mama yangu alikuwa Mbembe wa Fizi, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimevuka ziwa kwa biashara ya chumvi na vitenge. Jeshi hilo moja, Ndugu Mhariri, halipo.

Kilichopo ni makundi mengi ya raia waliojishikia silaha, kila kundi na bonde lake, kabila lake au mchanganyiko wa makabila, mkubwa wake, na vizuizi vyake vya barabarani. Watafiti wanaofuatilia vurugu hizo waliwahi kuhesabu makundi zaidi ya 120 katika majimbo manne ya Kivu Kaskazini, Kivu Kusini, Ituri na Tanganyika. Masisi kuna APCLS ya Janvier Karairi, yenye mizizi kwa Wahunde. Walikale kuna NDC-R ya Guidon Shimiray. Misitu ya Shabunda ilizaa Raia Mutomboki, jina linalomaanisha raia waliokasirika, na kwetu ng'ambo ya pili, Fizi na rasi ya Ubwari, ni watu wa William Yakutumba, ambao mwezi Septemba 2017 walipanda boti wakauelekea mji wa Uvira, hata kikosi cha Umoja wa Mataifa kikalazimika kutumia helikopta kuwazuia. Leo wengi wa hao wanaandikwa kwa neno moja, nalo ni neno la sifa.

Neno hilo halikushuka kutoka mbinguni. Mwezi Mei 2022, M23 walipokuwa wameanza kusonga mbele tena, viongozi wa makundi kadhaa walikutana Pinga, kule Walikale, wakakubaliana kuacha kupigana wao kwa wao ili wamkabili adui mmoja. Mkazo uwekwe kwenye maneno "wao kwa wao", kwa sababu baadhi yao walikuwa wamechinjana na kuchomeana vijiji miaka miwili tu kabla ya hapo. Mwezi uliofuata mji wa mpakani wa Bunagana ukaanguka mikononi mwa M23. Tarehe 3 Novemba 2022 Rais Félix Tshisekedi alilihutubia taifa, akawataka vijana wajiunge na jeshi na waunde vikundi vya ulinzi. Mwezi Mei 2023 ikapatikana sheria ya jeshi la akiba, ambayo kwayo makundi yaleyale yaliyokuwa yakiwindwa na serikali yangeweza kuhesabiwa kuwa wasaidizi wake. Katika muda huo jina la Wazalendo ndilo lililowafunika wote, kama shuka moja linavyowafunika watoto wa nyumba tofauti waliolala sebuleni siku ya msiba.

Lingine la kuchanganya ni kwamba hata dhehebu moja la dini mjini Goma lilikuwa likijulikana kwa jina hilohilo. Waumini wake zaidi ya 40 waliuawa na wanajeshi wa serikali tarehe 30 Agosti 2023, siku waliyokusudia kuandamana dhidi ya kikosi cha Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo mwaka mmoja huohuo serikali ilikuwa na Wazalendo iliowapa risasi za kupigia na Wazalendo iliowapiga risasi, na gazeti linaloandika neno hilo bila maelezo haliwezi kumsaidia msomaji kujua ni wepi wanaozungumziwa.

Najua utaniambia kwamba hilo ndilo jina wanalojiita wenyewe. Ni kweli. Lakini sisi wenye Kiswahili tuna deni kubwa zaidi kuliko mashirika ya habari ya Ulaya, maana kwao "Wazalendo" ni jina tu, kama Mai-Mai, wanamgambo wa vijijini kule Kongo, au M23, ilhali kwetu neno linaingia masikioni likiwa na maana yake kamili. Mtangazaji wa Paris akisema "Wazalendo wameteka kijiji", msikilizaji wake hasikii chochote zaidi ya jina. Wewe ukiandika hivyo, umekwisha kutoa hukumu kabla habari haijaanza. Huko Ituri kuna kundi liitwalo CODECO ambalo jina lake ni la ushirika wa wakulima ulioanzishwa miaka ya 1970, na sijaona gazeti lolote likiandika kwamba wanaushirika wamevamia kambi ya wakimbizi.

Naomba nisieleweke kwamba nawatetea M23. Hao ni waasi wenye silaha za kijeshi waliouteka mji wa Goma mwezi Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara kwamba jeshi la Rwanda liko nyuma yao. Mtu aliyefukuzwa kwake na jeshi la namna hiyo, akaona askari wa serikali yake wakitupa sare na kukimbia, ana haki ya kuwaangalia kwa matumaini vijana wa kijijini waliobaki. Mjomba wangu mmoja aliwalisha vijana hao kwa miezi kadhaa, kwa hiari yake, na sikumlaumu hata kidogo.

Wala jambo lenyewe si la jana. Jina la Mai-Mai linatokana na maji, yaani dawa ya kunyunyiziwa ili risasi zigeuke maji, na hapa Tanzania hatuhitaji mkalimani kulielewa, kwa kuwa babu zetu wa kusini walipigana vita ya Maji Maji kuanzia mwaka 1905 hadi 1907 kwa imani hiyohiyo. Wasimba, waasi wa Kongo wa mwaka 1964, nao walikuwa na waganga wao. Che Guevara mwenyewe, mwezi Aprili 1965, aliondokea hapa Kigoma usiku kwa boti akavukia Kibamba, upande wa Kongo, kuwasaidia wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila, na mwezi Novemba mwaka huohuo akarudia hapahapa akiwa amekata tamaa. Miaka kumi baadaye, mwezi Mei 1975, watu wa Kabila walivuka kutoka upande ule wakaja Gombe kuwateka vijana wanne wa kituo cha utafiti wa sokwe. Wazee wa mwambao huu bado wanasimulia. Nayataja hayo ili kuonyesha kwamba bunduki za Fizi hazijawahi kuwa habari ya mbali kwa watu wa Kigoma.

Lakini kinachostahili kuchunguzwa zaidi ni namna makundi haya yanavyozaliwa, na hapo Raia Mutomboki ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Walianza Shabunda mwaka 2005, eneo lenye misitu minene na karibu halina barabara, baada ya wapiganaji wa FDLR kutoka Rwanda kuwaua wanakijiji. Walikuwa na mapanga, mikuki na dawa. Wakafanikiwa, kisha wakatulia wakarudi mashambani, jambo ambalo makundi mengi hayalifanyi. Mwaka 2011 jeshi la serikali likaamua kujipanga upya kwa kuunda rejimenti, na ili hilo lifanyike askari wakaitwa kutoka vijijini kwenda kwenye vituo vya mafunzo. Nadhani mezani lilionekana kuwa jambo la utaratibu tu. Vijijini lilikuwa na maana kwamba usiku mmoja askari waliondoka na hakuna aliyechukua nafasi zao, FDLR wakarudi, na Raia Mutomboki wakaamka tena, safari hii wakienea mpaka Kalehe, Walikale na kwingineko, wakigawanyika katika vikundi vingi visivyojuana. Kwa hiyo anayesema makundi haya yanatokana na ushenzi wa watu wa msituni hajui anachokisema. Yalitokana na askari kuondoka.

Basi kama chanzo ni hicho, kwa nini hayaishi askari wanaporudi? Jibu liko katika mambo mawili, vyeo na vizuizi. Mwaka 1998 hadi 2003, serikali ya Kinshasa iliwapa Mai-Mai silaha ili wapigane na waasi wa RCD na jeshi la Rwanda nyuma ya mstari wa mbele. Makubaliano ya amani ya Pretoria ya Desemba 2002 yakawatambua, na Padiri Bulenda wa Bunyakiri, pamoja na wengine, wakawa majenerali. Kila kijana mwenye bunduki aliona somo lile. Cheo chako jeshini kitapimwa kwa idadi ya watu unaowaleta, na asiyeridhika na cheo alichopewa anaweza kurudi msituni, akaongeza watu, akasubiri makubaliano mengine. Yakutumba ni mmoja wa waliokataa kuchanganywa na wenzao mbali na Fizi. Sheria ya mwaka 2023 imefungua duka lilelile upya.

Kuhusu vizuizi, nitasimulia niliyoyaona. Miaka michache iliyopita nilitoka Baraka kwa pikipiki kwenda kudai fedha zangu kwa mteja mmoja wa milimani. Dereva, kijana mpole sana, alinishauri nichenji noti zangu ziwe ndogondogo, nami sikuuliza sababu. Njiani tulikuta vizuizi vitatu vya mianzi. Cha kwanza kilikuwa cha askari wa serikali, nacho nakitaja ili nisiwaonee wanamgambo peke yao. Mwaka 2017 watafiti walihesabu karibu vizuizi 800 katika Kivu mbili, na vingi kati yake vilikuwa vya jeshi. Cha pili kilikuwa cha kundi ambalo sitalitaja, kwa sababu mteja wangu bado anaishi kule. Kijana aliyekisimamia alilingana umri na kitinda mimba wangu, amevaa kandambili na shati la mpira wa miguu, bunduki imefungwa kamba badala ya mkanda. Akapokea fedha, akanipa kipande cha karatasi chenye muhuri, wenyewe wanakiita zetoni, akasema, "Muzee, hii ni ya lala salama."

Lala salama ni kodi. Mwanakijiji huilipa kila mwezi ili alale bila kusumbuliwa, na asiyekuwa na zetoni akikutwa njiani hutozwa faini au huwekwa shimoni. Nilimuuliza yule kijana kwamba nikilala vibaya nitamlalamikia nani. Alicheka, wala si kwa ubaya, akaunyoosha mkono kuelekea mlimani. Dereva wangu hakucheka.

Mkono ule ulioelekezwa mlimani ndio sababu hasa ya barua hii. Mwenye bunduki asipokuwa na jina, mwathirika hana pa kwenda, na gazeti linaloandika "Wazalendo" linamwondolea jina hata yule aliyekuwa nalo. Chukua mfano wa Ntabo Ntaberi Sheka. Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2010, watu wake pamoja na wapiganaji wengine walivamia Luvungi na vijiji vya jirani huko Walikale, wakawabaka zaidi ya watu 300 kwa siku nne. Hati ya kumkamata ilitolewa, lakini mwaka 2011 aligombea ubunge. Alikuja kujisalimisha mwaka 2017, na mwezi Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ikamfunga maisha. Wanawake wa Luvungi walisubiri miaka kumi, na hata hivyo waliweza kusubiri kwa sababu walijua ni nani. Mahakama haiwezi kumfunga "mzalendo" au "mwanamgambo".

Sasa angalia mti huo umeota tawi gani. NDC-R niliyoitaja juu ilijitenga na kundi la Sheka mwaka 2014. Kiongozi wake, Guidon, aliwekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, na mwaka 2019 waendesha mashtaka wa kijeshi wa nchi yake walitoa hati ya kumkamata. Huyo ni miongoni mwa wakubwa wa waliokuja kuitwa Wazalendo. Msomaji akiambiwa hivyo anaweza kuamua mwenyewe kama vita dhidi ya M23 inatosha kumsafisha. Asipoambiwa, ameamuliwa.

Katiba ya Kongo yenyewe, katika Ibara ya 190, inasema kwamba mtu yeyote haruhusiwi kuunda majeshi, wanamgambo wa binafsi wala kutunza vijana wenye silaha, na anayefanya hivyo ana hatia ya uhaini mkubwa. Yetu, Ibara ya 147, inamkataza mtu, shirika au kikundi chochote isipokuwa Serikali kuunda au kuweka jeshi la aina yoyote. Najua kuna msomaji atakayeniuliza kuhusu sungusungu. Swali lake ni la haki. Sungusungu walianza Kahama na sehemu nyingine za Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa mifugo ulipozidi na silaha zilikuwa zimezagaa baada ya vita vya Kagera, na polisi hawakuonekana. Walipiga watu, waliua washukiwa, wazee wa kike waliosingiziwa uchawi walipata tabu mikononi mwao, na sheria iliyowatambua ilikuja mwaka 1989, miaka kadhaa baada ya matendo. Sitaki tuwapake asali. Ila sungusungu wa kijiji alijulikana kwa jina na kwa mlango, alirudi kulima asubuhi, silaha yake ilikuwa upinde, na juu yake alikuwapo mwenyekiti wa kijiji ambaye angeweza kuitwa wilayani akajieleze. Kuna umbali mkubwa kati ya hapo na mtu anayeishi kwa kizuizi.

Niseme na la nyumbani, maana barua ya mtoto wa Mbembe isiyolisema hilo haitakuwa ya kweli. Katika milima ya Minembwe, Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo wa milima hiyo, nao wana kundi liitwalo Twirwaneho, yaani tujilinde, ambalo mwaka 2025 liliungana na muungano wa M23. Vijiji vyao vilichomwa na ng'ombe wao wakaswagwa na Mai-Mai, baadhi yao wakiwa ndugu zangu wa damu. Na vijiji vya Wabembe, Wafuliiru na Wanyindu vikachomwa na wapiganaji wa Banyamulenge. Kila upande unajilinda. Shangazi yangu alikimbilia Nyarugusu mwaka 1996, kambi ilipofunguliwa, na huko amezeeka. Hadi leo akisimulia usiku waliokimbia, huwataja waliowachomea kwa majina ya baba zao.

Kwa hiyo ombi langu ni la kikazi. Mwandishi wako anapopata habari kutoka Kivu, aandike kundi gani, la nani, la wapi, na siku hiyo lilikuwa upande gani, kwa kuwa pande hubadilika. Kama hajui ni kundi gani, aandike kwamba wapiganaji hawajatambuliwa. Neno Wazalendo likibidi kutumika, liwekwe kama jina wanalojiita, si kama sifa ambayo gazeti limewavisha. Haya yote hayahitaji safari ya Goma. Boti za Baraka, Uvira na Kalemie hushusha watu na mizigo Kibirizi, mwendo wa dakika chache kutoka kituo cha reli cha Kigoma. Mwandishi akae pale asubuhi moja, awaulize akina mama wanaoshuka na magodoro kichwani ni nani aliyewafukuza. Sijawahi kumsikia hata mmoja akijibu "Wazalendo." Hutaja mtu, na mara nyingi hutaja na kijiji alichozaliwa.

Wako,
Msomaji wa Ujiji, Kigoma